Mabondia wa Kongo na Njia ya Los Angeles

Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, kijana mmoja wa darasa la nne la sekondari alitungojea kwenye ngazi za kanisa, mama yake akiwa kando. Mama huyo huuza sambaza katika soko la Kadutu, na wanaomfahamu wanajua kwamba si mtu wa maneno mengi. Kijana akaanza yeye: "Mwalimu, nataka kuacha masomo kwa mwaka mmoja, nijifunze ngumi tu. Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles ni mwaka 2028, na siku hiyo umri wangu utakuwa umetimia." Mama hakuongeza ila neno moja: "Mwalimu, umwambie wewe."

Tuliomba juma moja la kufikiri. Haya ndiyo tuliyoyafikiri, nasi twayaandika hapa kwa kuwa tumesikia swali lile lile kwa vijana wengine, wa Bagira na wa Ibanda, na kwa wazazi wanaolala macho wazi kwa ajili yao.

Kwanza tuseme habari ya Michezo yenyewe. Imepangwa kufanyika tarehe 14 hadi 30 Julai 2028. Mchezo wa ngumi ulikaribia kukosa nafasi huko: haukuwamo katika orodha ya kwanza, kwa sababu ya ugomvi mrefu kati ya Kamati ya Olimpiki na chama cha zamani cha ngumi cha dunia. Mwezi wa Machi 2025 Kamati ilipiga kura ukarudishwa. Tena iliamuliwa kwamba kutakuwa na mizani kumi na minne, saba ya wanaume na saba ya wanawake, na mabondia 248 kwa jumla. Kumbuka ya kwamba wanawake waliruhusiwa kupigana ngumi katika Olimpiki mwaka 2012 tu, huko London. Katika miaka kumi na sita watakuwa wamefikia usawa kamili.

Je, Kongo yetu ina nani wa kupeleka?

Watu wengi hujibu upesi kwamba Kongo haikosi mikono. Nao wasema kweli. Sumbu Kalambay, mzaliwa wa Lubumbashi, alitwaa ubingwa wa dunia wa WBA katika uzani wa kati mwaka 1987, ijapokuwa alipigana chini ya bendera ya Italia. Ilunga Makabu, mzaliwa wa Kananga, alitwaa mkanda wa WBC pale pale Kinshasa, tarehe 31 Januari 2020, mbele ya watu wa nchi yake. Na nani asiyejua usiku wa tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali alipomwangusha George Foreman katika raundi ya nane? Uwanja ule leo waitwa Tata Raphaël, kwa heshima ya Padri Raphaël de la Kethulle, mmisionari wa Scheut, aliyeujenga kwa ajili ya vijana wa mji. Twapenda kuwakumbusha jambo hili wale wasemao kwamba padri hana shughuli na michezo.

Lakini ngumi hizo zote ni ngumi za mshahara. Katika Olimpiki, nchi yetu, iliyoshiriki mara ya kwanza Mexico mwaka 1968, haikupata medali hata moja, si ya ngumi wala ya mchezo mwingine, hata baada ya Michezo ya Paris ya mwaka 2024. Katika Michezo ile ile ya Mexico, jirani zetu walipata. Philip Waruinge wa Kenya alipata shaba. Eridadi Mukwanga wa Uganda alipata fedha, na Mganda mwenzake Leo Rwabwogo shaba. Miaka minne baadaye, huko Munich, Waruinge na Rwabwogo walirudi, na kila mmoja akapata fedha. Je, Waganda na Wakenya walikuwa na mifupa migumu kuliko yetu? La, hasha. Walikuwa na majeshi, polisi na magereza yaliyowapa vijana kazi na kocha, na nchi hizo mbili zilikutana ulingoni mara kwa mara, hata bondia alipofika Ulaya au Amerika hakuwa mgeni wa ngumi za watu wengine.

Hapo ndipo penye siri ya ngumi za ridhaa, nasi twaomba msomaji atuvumilie kidogo tueleze. Pambano ni raundi tatu tu, kila moja dakika tatu. Waamuzi watano wameketi kuuzunguka ulingo. Katika kila raundi, kila mwamuzi humpa mshindi pointi kumi na aliyeshindwa tisa au pungufu. Bondia wa mshahara aweza kupoteza raundi mbili za kwanza akimsoma mwenzake, kisha akaamka; wa ridhaa akifanya hivyo amekwisha shindwa. Tena anayeshinda leo atapigana tena baada ya siku chache na mtu mwingine, wa mtindo mwingine, na asubuhi ya kila pambano atapanda mizani. Akizidi uzani, amekwisha kutoka bila kupigwa. Basi nguvu ya mkono peke yake haitoshi. Anayefaulu ni yule aliyekwisha kutana na mitindo mingi, na mitindo hiyo haipatikani kwa kupigana kila mara na marafiki wa mtaa mmoja.

Tazama mambo ya Marcelat Sakobi, dada yetu wa uzani wa kilo 57. Alikwenda Tokyo kwa Michezo ya 2020, iliyofanyika mwaka 2021, pamoja na David Tshama na Fiston Mbaya Mulumba. Kura ya kwanza ilimkutanisha na nani? Na Nesthy Petecio wa Ufilipino, bingwa wa dunia wa mwaka 2019, ambaye mwishoni alirudi kwao na medali ya fedha. Sakobi alishindwa kwa waamuzi wote watano. Wengine wangetundika glovu ukutani. Yeye alirudi Paris mwaka 2024, na safari hii walikuwa tena mabondia watatu wa Kongo: yeye, Brigitte Mbabi na Peter Pita Kabeji. Akakutana na Sitora Turdibekova wa Uzbekistan, akashindwa tena katika pambano la kwanza.

Kilichofuata wengi wenu mlikiona katika picha. Kabla ya kushuka ulingoni, Sakobi aliziba kinywa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaelekeza vidole viwili kwenye kipaji chake, kama bunduki. Ishara hiyo wachezaji wa Leopards walikuwa wameionyesha Abidjan mwezi wa Februari mwaka ule ule, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Afrika. Ilikuwa kilio kwa ajili ya mauaji ya Mashariki ya Kongo na ukimya wa ulimwengu. Hapa Bukavu hakuna aliyehitaji kufasiriwa. Walakini twakiri kwamba tulisikia uchungu wa namna mbili. Tulishukuru kwamba alitukumbuka. Tena tulisikitika kwamba binti mwenye mikono ile alipaswa kutusemea kwa ishara ya sekunde chache baada ya kushindwa, na si juu ya jukwaa la medali, bendera ikipandishwa.

Na medali si ndoto ya nchi kubwa peke yake. Katika Paris ile ile, David de Pina wa Cabo Verde, visiwa vyenye watu kama nusu milioni, alipata shaba katika kilo 51, medali ya kwanza katika historia ya nchi yake. Cindy Ngamba, mzaliwa wa Kameruni, hakuwa na bendera ya nchi hata moja nyuma yake. Alipigana katika kikosi cha wakimbizi, kilo 75, akapata shaba, medali ya kwanza ya kikosi hicho. Kijana wetu alikuwa amesikia jina la Ngamba. Asilolijua ni kwamba dada huyu alisoma hata akapata shahada katika Chuo Kikuu cha Bolton, Uingereza, naye huku akipigana. Hakuacha daftari ili ashike glovu.

Basi, katika kutazama mbele kwenda 2028, sisi hatutauliza kwanza nani ana ngumi nzito. Tutauliza mambo mengine. La kwanza: Kamati ya Olimpiki ilikwisha sema kwamba watakaokwenda Los Angeles ni wale ambao vyama vya nchi zao vimo katika shirika jipya, World Boxing, wakati wa mashindano ya kufuzu kuanza. Bondia hodari ambaye chama chake hakimo ni kama msafiri mwenye mzigo tayari, gari halipo. Wakubwa wa ngumi Kinshasa waulizwe jambo hilo mapema, si mwaka 2028 wenyewe. La pili: kila mwenye jina apewe mapambano mengi nje ya nchi kabla ya siku hiyo. Sakobi, kwa mfano, amekwisha lipa karo ya Tokyo na Paris. Akiwa bado ana afya na moyo, mafunzo hayo ni mali ya taifa, na itakuwa hasara kubwa kumtupa ili kuanza na mtu mpya asiyejua hata harufu ya ulingo wa kigeni.

La tatu latuhusu sisi wa Kivu. Kutoka Bukavu hadi Kinshasa, mahali wanapochaguliwa mabondia wa taifa, ni kama kilomita 1,500 kwa ndege, na kwa nchi kavu ni safari ambayo mzazi hawezi kumruhusu mtoto. Mwezi wa Februari 2025 M23 ilitwaa uwanja wa ndege wa Kavumu na kuingia mjini. Msomaji wa hapa hahitaji kuelezwa siku zile, wala jinsi mtoto wa Kadutu anavyoweza kuwa na mkono wa kushoto mzuri kuliko wote katika nchi asionwe na mtu wa kuchagua.

Lipo na neno la nne, ambalo tulimwambia kijana mbele ya mama yake bila kulificha. Robert Wangila wa Kenya alipata dhahabu Seoul mwaka 1988, akimshinda Mfaransa Laurent Boudouani katika fainali. Afrika Mashariki yote ilishangilia. Kisha akaenda Marekani kupigania mshahara, na mwezi wa Julai 1994 alifariki dunia kwa majeraha ya kichwa baada ya pambano la Las Vegas. Katika ngumi za ridhaa, bondia aliyeangushwa kwa pigo la kichwa hukatazwa kupigana walau siku thelathini. Katika uwanja wa mtaa, ambako hakuna daktari, nani huzihesabu siku hizo? Tumewaona kwa macho yetu vijana wakirudi ulingoni Jumamosi ya pili, kichwa kikiwauma, wakiogopa kuitwa waoga.

Kwa hiyo jibu letu lilikuwa hili: asiache shule. Ajifunze jioni, mara tatu au nne kwa juma, chini ya kocha anayejua kumzuia kama anavyojua kumsukuma. Asipigane na mtu kabla ya daktari kumtazama. Akipigwa kichwani, amweleze mama yake siku ile ile. Na kama kweli ana kipaji, Los Angeles si mlango wa mwisho. Olimpiki huja kila baada ya miaka minne, na cheti cha shule hakizeeki.

Alisikiliza akiwa ameinama. Hatujui kama alikubali. Kisha tukamwuliza ana uzani gani, akanyamaza: bondia wa Olimpiki mzima, asiyejua kilo zake! Mama ndiye aliyetuongoza hadi sokoni, kwa jirani yake mwenye mizani ya magunia ya maharagwe. Kijana akapanda, watu wakakusanyika, sindano ikasimama kwenye kilo 53. Tulimwambia ashuke, avue viatu, apande tena.