Zima umeme kwanza, ndipo umlipe fundi

Umeme ukikatika usiku na kurudi alfajiri, friji la duka huanza kuunguruma lenyewe. Kisanduku kinachofungulia maji shambani, au ruta yenye modemu ya kuchomeka, nacho huwasha taa yake ya kijani, na mwenye mali huridhika. Saa nne asubuhi ndipo anapogundua kwamba malipo hayapiti, au kwamba kipima unyevu wa udongo hakijatuma taarifa tangu jana. Fundi huitwa, huandika maneno mawili kwenye kompyuta yake, kazi hurudi, naye hulipwa ufundi na nauli. Umeme ukikatika tena, safari huanza upya.

Mara nyingi kifaa cha namna hiyo hakijaharibika. Hakikutayarishwa kujiamsha.

Ndani ya vingi vya visanduku hivi mna kompyuta ndogo inayoendeshwa na Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. Kiini cha mfumo huo hakibebi ujuzi wa kuendesha kila kifaa kilichopo duniani. Kingejaza kumbukumbu finyu ya ruta ya bei nafuu. Ujuzi huo umegawanywa katika vipande viitwavyo moduli, ambavyo hupakiwa pale tu vinapohitajika, kama bidhaa inayokaa stoo mpaka mteja aiulize.

Kwa vifaa vya USB, anayetumwa stoo yupo. Kila kifaa kikichomekwa hutaja namba ya mtengenezaji na namba ya bidhaa. Modemu ya Huawei, kwa mfano, hutaja 12d1. Kiini hutangaza namba hizo. Programu ndogo, udev kwenye mifumo mingi au mdev kwenye ile midogo zaidi, hupokea tangazo, na moduli inayolingana hutafutwa kwenye orodha na kupakiwa pamoja na nyingine inazozitegemea. Modemu nyingi za zamani zina ujanja wao: hujitambulisha kwanza kama sidii yenye programu za Windows, na mpaka ziamriwe kubadilika hazikubali kuwa modemu.

Mambo huharibikia njiani. Fundi mwenye haraka huipakia moduli kwa mkono, kwa amri ya modprobe, akaona intaneti imerudi, akaondoka. Kazi hiyo huishi mpaka umeme utakapozima, wala si dakika moja zaidi. Mwingine hunakili moduli mpya na kusahau kuiandika upya orodha, kwa hiyo moduli imo stoo lakini haimo daftarini. Wakati mwingine tangazo hutolewa kisanduku kinapowaka, kabla mpokeaji hajaamka, na hakuna aliyeagiza lirudiwe. Mwenye duka anayelazimika kila asubuhi kuchomoa modemu na kuichomeka tena huenda anafanya kwa mkono kazi ambayo muuzaji alipaswa kuimaliza kwa mstari mmoja.

Wakulima wana tatizo gumu zaidi. Vipima vingi vya udongo na joto huunganishwa kwenye vibao kama Raspberry Pi kwa nyaya za I2C, na njia hiyo haina utaratibu wa kifaa kujitambulisha. Kipima hukaa kimya mpaka kiulizwe. Ni lazima kitajwe kabla katika maelezo ya kibao, au jina la moduli, mara nyingi i2c-dev, liandikwe kwenye faili linalosomwa wakati wa kuwaka. Asipoandika mtu, hakuna kitakachopakiwa hata nyaya zingekuwa za dhahabu.

Wapo wanaoona dawa ni kuruhusu kila moduli ijipakie. Kwa kisanduku kilicho kaunta, ambapo yeyote anaweza kuchomeka chochote, huo ni uzembe, kwa kuwa moduli kuukuu zisizotumika zinaweza kuwa na matundu ya kupitia wezi. Zinazohitajika zinatosha.

Mnunuzi hana haja ya kujifunza amri hizi. Haki yake ni kuona kifaa kikizimwa kwenye soketi, au kwenye betri ya sola, kila kitu kikiwa kimechomekwa, kisha kikiwashwa bila mtu kukigusa. Ajaribu mara tatu, kwa sababu kasoro ya tangazo lililowahi mno huweza kujificha mara ya kwanza. Muuzaji anayesema jaribio hilo halina maana hajamaliza kazi yake, na fedha zibaki mfukoni. Jaribio lirudiwe kila programu za kisanduku zinapofanyiwa mabadiliko, maana moduli iliyotengenezwa kwa toleo moja la kiini kwa kawaida hukataliwa na toleo jingine. Na sharti la kuwaka bila fundi liandikwe kwenye risiti, kando ya bei.