Gari la Padre Ling'are, ila kwa Nta ya Bei Gani?



Sisi ni mafrateri tuliopangiwa magari katika ratiba ya kazi za mikono. Wenzetu wana bustani, nguruwe, jiko na sakristia. Sisi tuna ndoo, dodoki, na magari matatu: Land Cruiser mkonga inayozunguka vigangoni, pikapu ya shamba, na Noah ya Baba Gombera. Kwa hiyo kiangazi kilipoanza, na jumuiya moja ya parokia jirani ikatuletea shilingi 750,000 za kuyang'arisha magari hayo kabla ya Jubilei ya seminari, barua ilifikia mikononi mwetu. Hesabu walikuwa wamekwisha kuiandika wenyewe: makopo matatu ya nta kutoka nje, kila moja shilingi 240,000, na 30,000 zilizobaki ni za soda za mafrateri watakaosugua.

Nia yao ilikuwa njema, na hilo tunalitanguliza. Mama mwenyekiti wa jumuiya alituambia kwamba wageni wanapokuja nyumbani, hata asiye na kitu hufagia uwanja. Maaskofu wakija wakakuta magari ya seminari yamepauka kama magogo ya ufukweni, aibu ni ya waamini wote. Hatukuwa na jibu kwa neno hilo, wala hatulitafuti hapa. Swali letu lilikuwa dogo zaidi: je, nta ya shilingi 240,000 inafanya nini ambacho nta ya shilingi 15,000 ya dukani haifanyi?

Tuanze na kazi yenyewe ya nta, maana wengi huichanganya na polishi. Juu ya rangi ya gari la siku hizi kuna tabaka linaloonyesha kama kioo, ambalo mafundi rangi wetu huliita klia. Unene wake ni takribani mikroni 40 hadi 50, mwembamba kuliko unywele wa kawaida. Polishi ina chembechembe za kusugua. Inaondoa mikwaruzo kwa kuipunguza klia yenyewe, kwa hiyo haipigwi kila Jumamosi. Nta haipunguzi kitu. Inakaa juu ya klia, inafanya maji yajikusanye matone na kuteremka, inazuia vumbi lisishike sana, na inakupa muda wa kufuta kinyesi cha popo au utomvu wa mwembe kabla haujaila rangi. Ikichakaa unapaka tena. Gari lililokwisha pauka hadi klia ikabanduka, nta ya bei yoyote haitalirudisha. Hilo ni la fundi rangi, na fundi rangi hatozi shilingi 15,000.

Sasa, makopo ya bei kubwa hujisifia jina moja: karnauba. Ni nta ya mnazi? Hapana, ingawa ni ndugu wa mbali. Ni mti wa jamii ya michikichi na minazi unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili, hasa katika majimbo ya Piauí na Ceará. Jua la huko ni kali na ukame ni mrefu, hivyo majani ya mti huo hujifunika unga wa nta yasipoteze maji. Watu hukata majani kwa kisu kilichofungwa kwenye mti mrefu, huyaanika, huyapiga hadi unga udondoke, kisha huuyeyusha na kuuchuja. Nta ya nyuki wetu wa Tabora huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi. Karnauba husubiri hadi 82 au zaidi. Bodi ya gari jeusi lililoachwa juani inaweza kupita nyuzi 70, na hapo unaelewa kwa nini watengenezaji hawakuridhika na mzinga.

Lakini karnauba tupu ni ngumu kama tofali. Huwezi kuipaka kwenye gari hata ukitaka. Lazima ichanganywe na mafuta na viyeyusho ndipo ilainike, na viyeyusho hivyo ndivyo vinavyopaa hewani ukiacha ule ukungu mweupe unaoufuta kwa kitambaa. Basi kopo likiandikwa kwamba ndani kuna karnauba safi kwa asilimia mia, maana yake si kwamba kopo zima ni karnauba. Maana yake ni kwamba ile karnauba iliyomo, iwe nyingi au kidogo, ni safi. Tulipoligundua hili tulicheka, halafu tukanyamaza, kwa sababu mwenye duka aliyekuwa anatuuzia alikuwa anaamini kwa moyo wote.

Mwenye duka huyo, Mungu ambariki, alikuwa muungwana. Alitupa kopo la bei kubwa lililokwisha funguliwa ili tujaribu kabla ya kununua. Tukaosha boneti ya pikapu, tukaigawa sehemu tatu kwa utepe wa karatasi wa mafundi rangi. Kushoto tukapaka nta ya 240,000, kulia ya 15,000, katikati tukaacha hivyo hivyo. Tulifanya kivulini, bodi ikiwa imepoa, kwa tabaka jembamba. Hapa ndipo wengi hukosea: wakishanunua kitu ghali wanakimwaga kama samli kwenye wali, kisha jasho zima linaishia kukifuta.

Nta ya bei kubwa ilikuwa laini, inafutika bila kubishana, na inanukia nazi. Tunalikiri hilo. Ile ya bei nafuu ilinuka mafuta ya taa na ilihitaji mkono. Lakini tulipowaita watu wanane waje kutazama, wakiwemo mpishi wetu na mlezi mmoja mwenye macho makali kuliko tunavyopenda, wote waliona kwamba katikati pamepauka, na hakuna hata mmoja aliyeweza kusema kwa uhakika ni upande upi wa gharama. Mlezi alichagua kulia. Kulia ni shilingi 15,000.

Tukaendelea kuosha pikapu kila Jumamosi kwa shampuu ya magari, si sabuni ya unga wala ya vyombo, maana hizo huiondoa nta upesi. Barabara yetu mnaijua. Kwenye wiki ya sita maji upande wa bei nafuu yaliacha kujikusanya, yakawa yanatandaa tu. Upande wa bei kubwa ulifika wiki ya nane. Hatusemi kwamba hii ni sayansi; ni boneti moja, kiangazi kimoja. Lakini ndiyo barabara yetu na ndilo vumbi letu.

Mwenzetu aliyekuwa karani wa ghala kabla ya kuingia seminari alipiga hesabu nyuma ya daftari la Maandiko. Kila kopo ni gramu 200, gari moja linakula kama gramu 15, kwa hiyo kopo linatosha kupaka mara 13. Ukipaka nta nafuu kila baada ya wiki sita, gari moja litatumia kama shilingi 10,000 kwa mwaka. Nta ghali kila baada ya wiki nane itakula kama 120,000. Kwa magari matatu, tofauti ni shilingi 330,000 hivi kila mwaka, na ulichokinunua kwa fedha hiyo ni wiki mbili za matone na harufu ya nazi.

Mwenye gari lake la fahari, analolitoa bandani Jumapili na kulirudisha, na anayepata raha kulisugua, atuwie radhi. Huenda kwake raha hiyo ina thamani, na hatuko hapa kuhesabu mifuko ya watu. Kuna makopo duniani yanayouzwa zaidi ya dola 1,000, na wapo wanaoyanunua wakijua wanachofanya. Sisi tunazungumzia magari yanayobeba wagonjwa, mahindi, na mara nyingine jeneza.

Tulipoleta hesabu hii mezani, ndugu mmoja alituchoma. Alisema tuangalie tusije tukawa Yuda Iskariote, aliyeona marhamu ya Bethania inamwagwa akaanza kuhesabu denari 300. Hoja hiyo ilitukosesha usingizi kuliko zote, maana si ya mzaha. Kanisa halijawahi kuwa bahili wa nta. Mwaka 1904 Roma ilielekeza kwamba mshumaa wa Pasaka, na ile miwili ya lazima katika Misa, iwe sehemu yake kubwa kabisa ni nta ya nyuki, wakati nta za bei rahisi zilikuwa zimejaa sokoni. Kuna vitu ambavyo hupimi kwa wiki na gramu. Lakini marhamu yale yalimiminwa juu ya miguu ya Mtu. Mshumaa unawaka ukaisha mbele ya altare. Boneti ni bati la kubebea injini, na hatuoni ni kwa njia gani heshima ya madhabahu inahamia kwenye bati kwa sababu tu aliyekaa nyuma ya usukani amevaa kola.

Na kama ni kutafuta mfano, upo wa karibu. Tarehe 6 Julai 2013 marehemu Papa Francisko alizungumza na waseminari na wanovisi mjini Roma, akawaambia kwamba inamuuma kumwona padre au sista na gari la toleo jipya kabisa. Hakusema tutembee kwa miguu. Alikubali kwamba gari ni la lazima kwa kazi, ila akaomba liwe la kawaida. Miezi miwili baadaye alipokea zawadi ya Renault 4 ya mwaka 1984 kutoka kwa padre mmoja wa Italia, gari lililokwisha kutembea kilomita laki tatu. Na mwaka 2017 alipopewa Lamborghini alilibariki, akaweka sahihi yake, na likapelekwa mnadani kwa ajili ya matendo ya huruma. Alipokea zawadi bila kumfedhehesha mtoaji, halafu akaigeuza. Somo hilo la pili ndilo lililotufaa.

Lipo jambo jingine ambalo hatukulitarajia tulipoanza kuuliza juu ya kopo. Ukataji wa majani ya karnauba ni kazi ya watu maskini wa vijijini, msimu wa ukame, juani. Wakaguzi wa kazi wa serikali ya Brazili wamewakuta na kuwatoa, mara kadhaa, wafanyakazi wa mashamba hayo waliokuwa wakiishi katika hali ambayo sheria ya nchi hiyo inaihesabu kuwa sawa na utumwa. Tume ya Kichungaji ya Ardhi, iliyozaliwa ndani ya Kanisa la huko mwaka 1975, imepigana na utumwa wa namna hii kwa miaka mingi. Hatusemi kwamba kopo la duka letu lilitoka katika shamba kama hilo. Hata kopo nafuu linaweza kuwa na karnauba kidogo, kama ilivyo kwenye pipi na vidonge. Tunachosema ni kwamba bei kubwa peke yake haimwambii mnunuzi kama mkataji wa majani alilipwa. Tuligeuza kopo pande zote. Kulikuwa na picha ya gari jekundu.

Basi tuna msimamo. Gari la seminari lipakwe nta, na lipakwe kwa bidii, kwa sababu kulipuuza hadi klia ibanduke ni kuchezea sadaka za watu. Inunuliwe ile ya shilingi 15,000, kivuli kijengwe juu ya maegesho hata kwa makuti, kwani kivuli hukinga rangi na jua kuliko kopo lolote. Na matairi ya nyuma ya Land Cruiser, ambayo ni kipara kiasi kwamba Masika iliyopita tulishuka kusukuma mara mbili tukiwa na mgonjwa ndani, yatangulie mbele ya kung'aa.

Ilibaki kumwambia mama mwenyekiti. Kurudisha mkono wa mtoaji si jambo jepesi, na tulishindana nani aende. Tulikwenda watatu, siku ya jumuiya, tukakaa kwenye mkeka, tukasali nao rozari, kisha tukaomba ruhusa: fedha ile ile ya Jubilei inunue kopo moja la bei nafuu na tairi moja, ambalo dukani tuliambiwa ni shilingi 380,000, na iliyobaki ianze safari ya kulitafuta la pili. Kimya kilikuwa kirefu. Mzee mmoja alitaka kujua kama maaskofu watainama kuangalia matairi.

Mama mwenyekiti hakucheka. Aliuliza ni mgonjwa gani tuliyekuwa naye siku ile ya matope. Tulipomtaja akatikisa kichwa. Alikuwa jirani yake.

"Haya wanangu, nunueni matairi," alisema. "Ila risiti niletewe mimi, na hilo kopo la elfu kumi na tano mlisugue mpaka nijione usoni. Siku ya Jubilei nitapita kulikagua kabla ya Misa."

Tairi la kwanza limekwisha fungwa. La pili limepungukiwa shilingi 25,000, na zile za soda tumezirudisha kwenye hesabu.