Konda, punguza sauti kidogo
Uko ndani ya matatu, muziki umepandishwa hadi viti vinatetemeka. Mtoto anaziba masikio, anapiga mayowe. Abiria wanamgeukia mamake: "Si umchape huyo?" Wewe umekodolea simu macho.

Mtoto mwenye usonji anaweza kuumizwa kabisa na kelele hiyo. Kiboko hakitamfunza kitu. Mwambie konda apunguze sauti, basi.

Na kama ni mdogo wako nyumbani, hiyo simu ina kazi. Piga picha za kikombe chake, viatu vyake, mlango. Zipange: kwanza viatu, halafu nje. Wengi wao hushika picha upesi kuliko maneno. Sema maneno machache, kisha ngoja, usimjibie. Akikuonyesha picha ya kikombe, mpe maji papo hapo, hata kama uko katikati ya gemu (najua, inauma).

Lakini picha pekee hazitoshi, anahitaji kupimwa. KISE pale Kasarani hufanya tathmini, na kaunti zina vituo vya EARC. Aende akiwa na miaka mitatu, asingoje kumi. Shosho akisema amerogwa, msikilize kwa heshima, halafu mshike mtoto mkono mwende stejini.