Jeshi lisizike mpira wa vijana

Ndugu vijana wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli,

Tangu Rais Tshisekedi aite vijana jeshini, tarehe 3 Novemba 2022, ekipe yetu ya kartie imepoteza wachezaji wanne. Hatuwalaumu. Nchi inashambuliwa, na kazi hakuna. Mimi mwenyewe niko na lisansi mbili, moja ya universite na moja ya mpira, na hakuna hata moja inayoleta bugali nyumbani.

Tuseme ukweli: mtu anayefundishwa Kitona ao Kamina hawezi kurudi Kindu kucheza kila siku ya Mungu. Mafunzo kwanza, ile hatubishi.

Tunachokataa ni hii: mafunzo yanaisha, kijana anatumwa kikosini, na mpira wake umekufa. Ekipe imeshamfuta, na hakuna anayemuuliza alikuwa anacheza nafasi gani. Wengine wanafanyaje? FAR ya Rabat ni ekipe ya jeshi la Maroko tangu 1958, na msimu wa 2024-2025 ilikuwa kundi moja na Maniema Union yetu katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Kenya wako na Ulinzi Stars.

Hapa Kindu tuko na kambi ya Lwama. Tunaomba wakubwa wake waruhusu askari wachezaji wacheze na ekipe za kartie, hata mara moja kwa mwezi. Na nyinyi maprezida wa ekipe, musiuze nafasi ya aliyeenda. Kwetu, majina yote manne bado yako kwenye liste.