Shida Si Uta, Ni Mishale Yako

Wasee, kila nikirusha video ya uta lazima mtu aniambie ninunue uta mkubwa. Eti huu wa mti hauwezi kulenga. Mimi nasema uta wako uko sawa. Mishale yako ndiyo takataka.

Najua kwa sababu hata yangu ilikuwa takataka. Nilipoacha chuo mwaka wa pili (hiyo story siku ingine) nilirudi Ikutha, huku Kitui kusini, nikakaa kwa umau. Nikajichongea mishale 10, nikajaza gunia majani makavu, nikasimama hatua 20. Mingi ilienda kushoto, miwili ikapita juu, mmoja ukaingia kwa boma la mbuzi. Umau alicheka hadi akakohoa. Uta hakuugusa hata kidogo. Aliokota mishale, akapinda mmoja mmoja kwa vidole, akaigawa marundo mawili. "Hii ni migumu, hii ni milegevu. Sasa unataka ifike mahali pamoja vipi?"

Manze, hapo ndipo nilianza kuelewa. Mshale ukiachiliwa hauendi umenyooka. Nyuma unasukumwa na kamba, mbele kichwa kinasita kwa uzito wake, kwa hivyo katikati unajipinda kama nyoka na ndivyo unavyoupita mti wa uta bila kuugonga. Kama unavuta kwa mkono wa kulia, ufito mgumu kupita kiasi unakupeleka kushoto, mlegevu unakupeleka kulia. Na hakuna ufito mzuri kwa kila uta. Uta mzito kuvuta unataka ufito mgumu. Kigumba kizito nacho kinafanya ufito uleule ujipinde zaidi.

Marekani kuna watu wanajiyeyushia risasi nyumbani, wanabishana mpaka usiku kuhusu ugumu wa madini na upana wake kwa mtutu. Ni hesabu ileile ya umau. Hapa usijaribu, utalala ndani.

Manyoya pia. Mtito Andei jina lake linatokana na tai wanaokula mizoga, na wazee walipenda manyoya yao. Siku hizi ndege hao wanaisha kwa kulishwa sumu, waacheni. Bata mzinga anatosha, bora manyoya ya mshale mmoja yatoke bawa la upande mmoja, yakikinzana mshale unayumba. Yakilowa, rudi nyumbani tu.

Halafu kuna hii iliyonishangaza. Mshale wa zamani wa Wakamba ulipakwa sumu ya msunguti chini ya kigumba, ikafungwa kwa ngozi nyembamba isikauke. Hiyo sumu na ngozi ni uzito kichwani. Mimi nilikuwa nimeiga ufito wa mzee, nikaweka kigumba kitupu, mshale ukawa kama mgumu, ukakimbilia kushoto. Niliiga nusu ya kitu nikailaumu ile nusu ingine.

Lakini nani atakufundisha hiyo nusu ingine? Miaka ya 1950 Wakamba na Wawaata wa pembezoni mwa Tsavo walisakwa na kufungwa kwa sababu ya mishale hii. Uwindaji ukapigwa marufuku 1977, sheria ya 2013 ikaongeza adhabu. Sipingi, mimi sitaki kumpiga digidigi wala ndovu. Ninachopinga ni kwamba mzee akiona kijana anauliza kuhusu mishale, anaangalia barabara kwanza. Kwa sherehe tunawapa uta washike kama pambo, tunapiga picha, tunaenda kula.

Na ulengaji ni mchezo wa Olimpiki, bana! Shehzana Anwar alienda Rio 2016 kwa huo mchezo, na ndiye alibeba bendera ya Kenya. Kijana wa Kibwezi ataanzia wapi, wakati seti ya mishale ya kaboni ni bei ya mbuzi kadhaa? Mi naona shule za Kitui na Makueni zianze na gunia, mishale butu, na mzee mmoja wa kijiji alipwe kama mkufunzi. Binamu yangu anasema nitalea majangili. Jangili hahitaji shule, ana pikipiki na tochi.

Kaboni ni bora, nakubali. Kila ufito unafanana na mwenzake, wa mti utachagua 30 upate 6. Lakini ni kwa kuchagua hiyo 30 ndio nilijua kwa nini mshale unakosa.

Umau haoni vizuri tena. Anaviringisha ufito juu ya ukucha wa dole gumba, ukitetemeka anajua haujanyooka, anaurudisha kwa moto. Amenikubalia nirekodi mikono yake tu, uso hapana, na ya sumu amekataa kabisa. Jumamosi tunaenda kukata fito zingine. Ile ya kwa boma la mbuzi bado sijaipata.