Mafuta ya Mawese Hayachukui Nafasi ya Dawa ya Kifafa

Ninyi mama na baba mulio katika makambi ya wahami, leo ninasema wazi, hata kama kuna watakaokasirika.

Juma lililopita nilikuta mama mumoja akilisha mutoto wake wa miezi 9 mafuta ya mawese na kijiko. Mutoto ana kifafa kikali. Uji na sukari vilikatazwa, hata kunyonyesha mama alikuwa anapunguza. Jirani alimwambia kwamba Wazungu wanaponya kifafa kwa mafuta.

Yule jirani alisikia nusu ya habari, na nusu ya habari inaweza kuua mutoto.

Ni kweli, tangu mwaka 1921 waganga wa Marekani walianza kutibu kifafa kwa chakula chenye mafuta mengi na wanga kidogo sana. Ni kweli pia kwamba uchunguzi wa London uliotangazwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa watoto 38 katika kila 100 waliopewa chakula hicho, kuanguka kwao kulipungua zaidi ya nusu. Lakini walikuwa na miaka 2 hadi 16, na dawa zilikuwa zimeshindwa. Mwaka 2023, uchunguzi mwingine wa Uingereza juu ya watoto wachanga haukuona chakula hicho kikishinda dawa nyingine ya kifafa.

Na huko hawakadirii kwa kijiko. Chakula kinapimwa kwa gramu, hata maziwa ya mama. Damu inapimwa, vitamini zinaongezwa. Bila hayo, sukari ya mutoto inashuka, anatapika, damu inakuwa na asidi, anaacha kukua. Kuna magonjwa machache ya kuzaliwa ambayo chakula hicho ndicho tiba ya kwanza, lakini munganga ndiye anayeyatambua. Ndani ya hema, nani atapima damu?

Sasa tumulaumu mama? Hapana. Alitembea hadi kituo cha afya mara tatu, na mara tatu aliambiwa dawa imeisha. Mutu aliyefungiwa mulango anapita dirishani.

Dawa aliyoikosa ni fenobarbitali, ile wengi wanaita Gardenal. Ina zaidi ya miaka 100. Bei yake ni ndogo. Shirika la Afya Duniani, OMS, liliiweka katika orodha ya dawa za lazima tangu mwaka 1977. Wakubwa wa afya, na ninyi wa mashirika ya musaada, munatuambia nini? Mabango yenu yanafika kambini kila mwezi. Kidonge kinashindwa na nini? Kabla ya semina ingine, leteni dawa, na munganga anayejua kuipima kwa kilo za mutoto.

Wazazi, shikeni haya. Musikatishe vidonge kwa gafula, kuanguka kunaweza kuzidi. Endeleeni kunyonyesha. Mutoto akianguka, mulazeni kwa ubavu, musiweke kitu chochote kinywani. Dakika 5 zikipita bila kutulia, kimbilieni hospitali. Na kituo kikisema dawa imeisha, musirudi kimya: enda wengi, pamoja na mukubwa wa kambi, muulize itafika siku gani.

Mwenye kusikia amwambie mwenzake.