Ushuhuda Nilioutoa Nusu

Mwaka jana, nikiwa mwaka wa pili, nilisimama kwenye ibada ya Jumapili jioni nikasema, "Mungu ameniponya kifua kikuu." Ukumbi mzima ukalipuka kwa vigelegele. Mhubiri mgeni akauinua mkono wangu juu kama refa anavyofanya kwa bondia aliyeshinda. Picha ikapigwa. Baada ya siku mbili nikajiona kwenye tangazo la mkutano wake mwingine, uso wake mkubwa, wangu pembeni.

Sikudanganya, ila nilisema nusu. Sikusema kwamba nilikuwa nimemeza vidonge kila siku kwa miezi minne, na bado miwili kumaliza dozi. Sikumtaja nesi aliyenipigia simu nilipochelewa kwenda kuchukua dawa. Wala sikumtaja mwenzangu wa chumbani, aliyekuwa akiniuliza kila asubuhi, "We, umemeza?" Niliogopa kwamba nikitaja vidonge nitampunguzia Mungu utukufu.

Wiki iliyofuata binti wa mwaka wa kwanza akabisha hodi. Naye alikuwa kwenye dozi, mwezi wa pili. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, wewe dawa uliacha lini?"

Nilihisi baridi. Ukikatiza dawa za kifua kikuu, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu, na hapo matibabu yanakuwa magumu zaidi. Nikamfungulia droo nikamwonyesha vidonge vyangu. Hakuacha dawa, namshukuru Mungu. Lakini je, wangapi waliusikia ushuhuda wangu na hawakuja kuuliza?

Tangu siku ile nimeisoma upya habari ya Naamani, Wafalme wa Pili sura ya 5. Jemadari yule wa Shamu alikuja na talanta 10 za fedha, akitegemea nabii atoke nje afanye jambo kubwa. Elisha hata hakutoka. Alituma mjumbe: kaoge Yordani mara saba. Naamani akakasirika, kwao Dameski si kuna mito mizuri zaidi? Lakini tazama waliomfikisha kwenye uponyaji: kijakazi aliyetekwa vitani, na watumishi waliombembeleza ashuke mtoni. Hakuna hata mmoja aliyetajwa jina. Na alipopona, Elisha akakataa zawadi zote. Naamani akarudi kwao akimjua Mungu wa Israeli, mfukoni mwa nabii hamna kitu.

Gehazi ndiye aliyekimbia nyuma ya gari kudai fedha na mavazi. Akarudi na vitu hivyo, na ukoma wa Naamani ukamshika yeye.

Sasa tujiulize, wapendwa: mikutano yetu hapa chuoni inamfuata Elisha au Gehazi? Mbona mabango yanabeba uso wa mhubiri? Mbona mgonjwa asiyepona anaambiwa imani yake ni ndogo, lakini akipona sifa zinakwenda kwa aliyemwombea?

Wapo watakaosema napinga miujiza. Hapana. Niliombewa na naamini Mungu alisikia. Ila naamini pia kwamba alinijibu kupitia nesi, vidonge na swali lile la kila asubuhi. Kuwataja hao hakumpunguzii Mungu chochote. Anayepungua ni mimi na mhubiri, na huko ndiko kunyenyekea.

Naomba mambo mawili kwa viongozi wa vikundi vyote vya ibada hapa chuoni. Anayeshuhudia aseme habari yote, pamoja na dawa. Na kabla ya maombi ya wagonjwa, mtu atamke wazi kwenye kipaza sauti: asiache mtu dawa mpaka daktari aseme.

Mimi nimeshaomba dakika tano Jumapili ijayo. Nataka kumalizia ushuhuda wangu.